Glasi ya Kwanza Aonje Aliyepika

Nyinyi vijana mnaonijia hapa Buyenzi na chupa zenu zenye karatasi ya rangi, mkitaka nionje maji ya maracuja, ya nanasi, ya tangawizi, niwaambie kama yatauzika, mmenichosha. Sisemi kwa ubaya, mnajua nawapenda. Lakini kila anayeingia ananiuliza karatasi. Mama Shabani, rangi gani? Mama Shabani, jina liwe la Kifaransa? Juzi mmoja kaniuliza picha ya tunda ikae kushoto ama kulia. Kushoto ama kulia! Hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuniuliza habari ya maji. Basi nimeona niandike mara moja, msome wote, kisha mkija tupige soga tu.

Nilipika tangawizi kabla ya vita, nikapika katikati ya vita, nikapika vita ilipokwisha, hadi magoti yalipokataa kuinama juu ya jiko. Sitafuata miaka, sina kichwa cha kupanga miaka. Nitasema linalokuja.

Aliyenifundisha ni shangazi yangu Mariamu, Mungu amrehemu, mwanamke mfupi mwenye mkono mwepesi wa kupiga. Tangawizi, alisema, ivunje kwa vidole. Ikilia "ko!" nunua. Ikijipinda kimya, muachie muuzaji. Usiikwangue kwa kikwangulio, itwange kwenye kinu, maana ukikwangua unapata maji na ukitwanga unapata ukali. Sukari iingie tangawizi ikiwa inachemka, si baada. Na chupa uinuse kabla hujaiosha, kwa sababu ukishaiosha sabuni itakudanganya.

Hilo la kunusa nililipuuza. Nilikuwa kijana, najua kila kitu, kama nyinyi. Nikanunua chupa za bia sokoni, nikaziosha zikang'aa, nikajaza, nikapeleka. Jioni akaja mwalimu mmoja jirani, mtu wa heshima zake, kashika chupa mbali na pua yake. "Mama Shabani," akasema, "hii yako nikiitia kwenye gari, nafika Gitega." Kumbe mwenye chupa alikuwa akiwekea petroli. Mtaa mzima ulicheka wiki nzima, na shangazi alinipiga kofi la bega nikiwa mke wa mtu tayari.

Kosa lingine: usiache tangawizi yenye sukari kwenye jua ikiwa imefungwa. Inaumuka. Zangu zilipasuka saa nane mchana, pa! pa! pa!, na majirani wote wakalala chini, mama mmoja kajifunika beseni. Askari wawili wakaingia uani na bunduki mbele, wakakuta ukuta umelowa na mimi nimejibanza nyuma ya pipa. Walikunywa chupa mbili zilizosalimika, wakaondoka zao. Nilicheka baadaye sana, siku ile nilijikojolea.

Sasa maji. Shangazi Mariamu alikuwa na sheria moja asiyoifanyia mzaha. Maji yote, narudia, yote, yapite motoni. Kuna wapikaji wanaochemsha sufuria ndogo ya tangawizi kali, nzito, halafu wanaiongeza maji mabichi ili ijaze chupa nyingi. Sisi tuliita hivyo kukata. Wanaokata wanaokoa makaa, wanaokoa muda, na ukiangalia chupa huwezi kujua. "Ukikata," aliniambia, "usiseme nilikufundisha mimi." Miaka yote nilishika hilo, isipokuwa siku moja, na siku hiyo ndiyo iliyonifanya nichukue kalamu.

Niwaambie kwanza Goreti alikuwa nani. Alikuwa mshirika wangu. Mimi napika, yeye anauza. Alikuwa anakaa Carama na mama yake mzee, nyumba ya matofali mabichi pembeni ya mashamba, na kila asubuhi alishuka kwa miguu hadi kwangu. Mkristo yeye, Muislamu mimi. Mambo mengine mliyozoea kuuliza, huyu alikuwa nani na yule nani, siyasemi. Aliyekuwepo anajua, na asiyekuwepo hayamfai. Alikuwa mrefu, mwenye sauti ya kuimba misa, na alikuwa na ulimi ambao haukuwahi kuonja kitu bila kukisema. "Leo sukari umeiogopa." "Leo tangawizi ya jana." Nilikuwa namkasirikia, halafu naonja, nakuta ni kweli.

Ilikuwa ile miaka nchi jirani zilipotufungia njia, tukaita ambargo. Sukari ilikuja kwa kubahatisha, na vizibo vya chuma vya chupa havikuja kabisa. Tukafunga chupa kwa kipande cha nailoni na mpira uliokatwa kutoka kwenye tairi la ndani la baiskeli. Ikafungika vizuri, lakini chupa isiyo na kizibo cha kiwanda ni chupa ambayo mtu yeyote angeweza kuifungua na kuifunga. Na mji ulikuwa umejaa maneno ya sumu. Fulani kanywa kwa fulani, kafa. Yule kabare yake usipite. Kabare, kwa wasomaji wa mbali, ni pahali petu pa kunywea. Watu walikuwa wanakufa kwa risasi kila wiki na bado walichoogopa zaidi ni glasi.

Kwetu Burundi tangu zamani anayetoa kinywaji ndiye anayeanza kuonja, mbele ya macho ya mgeni. Wakati wa vita desturi hiyo ikawa kali. Goreti akaifanya kazi. Akifika kwenye kabare anaweka kreti chini, anamwambia patroni, mwenye kabare, "Chagua chupa." Si yeye anachagua, patroni ndiye anachagua, hata ya chini kabisa. Anaifungua, anamimina glasi, anakunywa yote hadi chini, anafuta mdomo, anasubiri. Wakishamuona amesimama na anacheka, wananunua. Hakuna karatasi ya rangi iliyotuuzia, vijana. Tulikuwa na tumbo la Goreti tu, na kwa tumbo hilo tuliuza hadi Rohero, karibu na maofisi, kwa watu wasiokunywa cha mtu yeyote.

Patroni mmoja wa Rohero, mwenye kabare iliyokuwa inajaa wafanyakazi saa ya chakula, akamwambia Goreti: nileteeni kreti nne Alhamisi. Wakiipenda, nitachukua kila siku. Kila siku! Nilipolisikia hilo usingizi ulipotea kwa furaha.

Tatizo ni makaa. Makaa yanatoka milimani, na juma lile barabara ya milimani ilifungwa siku tatu. Bomba nalo lilikuwa limekauka, tukawa tunachota mto Ntahangwa. Jumatano mchana Goreti akaniambia:

"Mama Shabani, tumwambie patroni makaa apana. Mutu ataelewa, iko vita."

"Hataelewa. Atatafuta mwingine."

"Atafute. Kesho kutwa atarudi. Maji ya Ntahangwa mi siwezi kupeleka kwa watu bila kuchemusha. We unaona kolera iko namna gani mu mji."

"Nani kasema bila kuchemsha?" nikamjibu kwa ukali. "Makaa nitapata."

Sikupata. Alhamisi alfajiri nilikuwa na makaa ya sufuria ndogo moja. Nikatwanga tangawizi nyingi kupita kawaida, nikachemsha na sukari hadi ikawa nzito. Kisha nikaangalia ndoo za maji ya mto. Yalikuwa yametulia usiku kucha, nikayachuja kwa kanga iliyokunjwa mara mbili, yakaonekana meupe. Nikajiambia, ukali huu, mdudu gani atabaki? Mimi mwenye kujua! Mimi niliyekula makofi ya shangazi! Nikakata. Nikakata kreti nne nzima, nikafunga mipira, nikaziosha chupa kwa nje.

Goreti alipofika akaona kazi imekwisha. "Makaa ulitoa wapi?"

"Kwa jirani."

"Mungu akubariki," akasema, akapakia mkokoteni, akaenda zake akiimba. Angekaa dakika mbili angeonja hapo hapo, lakini tulikuwa na haraka na mimi nilimharakisha.

Yaliyotokea Rohero alinisimulia mwenyewe mchana ule, kabla hajaondoka kwangu, na baadaye mpakuaji wa kabare ile alinithibitishia kila neno. Patroni alichagua chupa. Goreti akamimina, akainua, na funda la kwanza tu akajua. Alisema lilikuwa na ladha ya tope chini ya tangawizi, kama kulamba jiwe la mtoni. Lakini patroni anamtazama. Meza ya karibu wamekaa askari watatu, nao wanamtazama. Mwonjaji akitema, maana yake ni moja tu, na mwaka ule mtu angeuawa pale pale kabla hajamaliza kueleza habari ya makaa. Basi akanywa. Akanywa yote hadi chini, akafuta mdomo, akacheka.

Angeweza kuishia hapo. Angeuza zile kreti nne, akachukua hela, kila mtu na bahati yake. Goreti wangu hakuweza. Akapiga kichwa kwa mkono, akasema, "Yoo! Mana yanje, Mungu wangu, nimekosea kreti! Hizi ni za ndoa ya Buyenzi, zenu zimebaki nyumbani." Akaanza kuzirudisha kwenye mkokoteni.

Askari mmoja akasimama. "Mbona unarudisha? Umeweka nini?"

"Apana kitu, afande. Ni za watu wengine."

"Basi kunywa tena. Hii hapa." Akachagua chupa mwenyewe, akaifungua, akamimina glasi ikajaa. Goreti akainywa na hiyo. Kisha akamwambia, "Asante, afande, jua lilikuwa linanimaliza." Wakacheka, wakamwacha aende.

Adhana ya adhuhuri ilikuwa inasomwa alipoingia uani kwangu na mkokoteni umejaa. Nilifikiri askari wamemzuia njiani. Akaketi kizingitini, uso mkavu.

"Mama Shabani. Hii maji haukuchemusha."

Hapa ndipo nawaomba msome polepole. Nilikuwa na jibu la kweli mdomoni. Neno moja tu: ndiyo. Lakini nilimwangalia yule mwanamke mdogo kwangu kwa miaka minane, jasho linamtiririka, na aibu ikanishinda. Aibu, si hofu. Niliona ni heri anione mpishi mbaya kuliko anione mwongo, nikachagua uongo.

"Nilichemsha," nikasema.

"Yote?"

"Wallahi, yote."

Akachukua chupa moja kwenye kreti, akaifungua, akamimina glasi, akaiweka juu ya kigoda mbele yangu. "Sawa. Onja na we. Labda ulimi wangu iko mugonjwa."

Nikaitazama ile glasi. Ilikuwa nzuri, rangi ya asali. Nikasema, "Leo ni Alhamisi, Goreti. Nimefunga."

Alijua kwamba Alhamisi nyingine huwa nafunga sunna. Mara moja akaiondoa glasi mbele yangu, akaomba radhi. Aliniomba radhi mimi! "Nisamehe, nilisahau. Basi itakuwa ni tangawizi ilioza. Maji ukichemusha haiwezi kuwa maji. Ukifuturu, onja, na kama ni mubaya, mwaga yote. Tutapika ingine."

Akaanza kujifunga kitambaa aondoke. Ilimpasa awe amepita bariyeri ya askari mapema, kabla ya saa ya kuvrefe, maana baada ya hapo hakuna anayetembea na upande wa Kinama, njia yake ya Carama, askari walikuwa hawaulizi mara mbili. Ningesema kweli wakati ule, angelala kwangu. Kutoka kwangu hadi dispensari ni mwendo wa dakika kumi, na serumu, yale maji ya kutundikiwa mshipani, ilikuwepo, watu wengi walikuwa wanaingia pale wakiwa wamebebwa na kutoka kwa miguu. Kolera siyo ngumu kutibu. Inataka uwahi tu. Nilisimama mlangoni nikamtazama mgongo wake hadi alipokata kona, na mdomo wangu ulikuwa mzima, haukuwa na jeraha lolote.

Jioni nilimwaga kreti nne zote kwenye mtaro. Sikuonja hata tone.

Ijumaa hakuja. Nikasema amechoka.

Kabla sijafika Jumamosi niwape lile mnalolitaka, ushauri wa kazi. Miezi mingi nilikaa bila kupika. Niliporudi jikoni, kila sufuria, miaka yote iliyobaki, glasi ya kwanza niliinywa mimi, jikoni, kabla chupa haijafungwa, na nilisubiri hadi kesho yake ndipo nipeleke sokoni. Wengine wenu mliniona mkanicheka, bibi mlafi wa tangawizi yake mwenyewe. Nimekosa wateja wa haraka kwa ajili hiyo. Nanyi mfanye hivyo. Msilifanye tumbo la mtu mwingine kuwa karatasi yenu. Msimwajiri msichana mzuri wa kuonja mbele ya watu wakati mwenye kujua kilichoingia ndani ya sufuria amejificha nyuma. Makaa yakikosekana, gesi ikiisha, umeme ukikatika, mpigieni simu mteja mseme: leo hakuna. Ni maneno mawili. Na mshirika wako akikuuliza kama ulichemsha, mjibu jibu la kweli, hata kama atakudharau hadi kufa kwako, kwa sababu anayekuuliza hivyo huenda ameshakunywa.

Jumamosi akaja mama yake. Mwanamke mzee kabisa, alikuwa ametembea kutoka Carama peke yake, miguu imejaa vumbi hadi magotini. Nilipomwona tu nikajua. Alizungumza Kirundi, mimi naweka kwa Kiswahili.

Alisema Goreti alianza tumbo la kuendesha Alhamisi usiku. Yeye alimwambia, mwanangu, hii ni kolera, nipige kelele majirani wakubebe. Goreti akakataa. Akasema bariyeri imefungwa, watauawa watu bure kwa ajili ya tumbo la kawaida. Akasema, siyo kolera, mama, ni tangawizi mbovu, kwa maana maji Mama Shabani aliyachemsha, aliniapia kwa Mungu. Kulipokucha hakuwa na nguvu ya kusimama. Walimweka kwenye baiskeli ya jirani. Walikuwa hawajafika hata nusu ya njia alipokata roho. Wakamzika siku ile ile, kwa amri ya watu wa afya.

Nilikuwa nimekaa chini kwenye sakafu. Yule mama akachuchumaa mbele yangu, akanishika mikono yote miwili, na mikono yake ilikuwa ya baridi.

"Nimekuja kwa miguu kwa sababu alinituma," akasema. "Asubuhi, kabla ya kupandishwa baiskeli. Alisema nikwambie usijitese moyo. Alisema mtu aliyefunga haonji. Kama ungekuwa unakula siku ile ungeonja asubuhi, ungejua, usingemwacha atoke na zile kreti. Alisema ni Alhamisi tu ndiyo iliyotuponza. Ni kweli, mwanangu? Ulikuwa umefunga?"

Nikamwambia, "Ndiyo, mama. Nilikuwa nimefunga."

Akaniombea kwa Mungu wake, hapo hapo sakafuni, kwa sauti, akitaja jina langu. Nilimpelekea sukari na unga kila mwezi hadi alipofariki, naye kila mara alinishukuru, na kila mara nilinyamaza.

Nyinyi ni wa kwanza kuambiwa. Alhamisi ile asubuhi nilikunywa chai ya maziwa na vitumbua viwili, na Goreti alipoingia uani nilikuwa nimeshaosha kikombe.